Uvimbe Umeisha, Matibabu Bado

Iko saratani ya tezi ambayo huvimbisha taya la mtoto. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, alipokuwa akifanya kazi Uganda. Huonekana zaidi sehemu zenye malaria nyingi, kama kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria. Uvimbe wake hukua upesi. Mtoto akitibiwa mapema kwa dawa za saratani, hunywea upesi vilevile.

Hapo ndipo wazazi wengi hukosea. Shavu likirudi sawa, husema, "Mtoto amepona." Nauli ni shida, na shamba linangoja. Basi hawarudi hospitali. Nimemwona mtoto mmoja aliyeachishwa dawa hivyo. Uvimbe ulirudi, na mara ya pili kuutibu ni vigumu zaidi.

Ukifyeka magugu ukaacha mizizi, je, umepalilia? Mimi naona kupunguza dawa si kazi ya mzazi, wala si yangu mimi mganga wa zahanati. Ni kazi ya daktari anayempima mtoto. Mrudishe kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nauli ikikosekana, iambie serikali ya kijiji mapema. Kijiji kilichochangia madawati, kitashindwa nauli ya mtoto mmoja?