Kumbukumbu Haiazimwi

Kumbukumbu ni mali isiyoibika, lakini mwenyewe aweza kuidharau hata ikapotea. Kwa sababu hiyo nimeshika kalamu kuwashitaki vijana ninaowapenda, wachapaji wa picha za fulana. Kosa lao si uvivu, maana wana bidii. Wala si ukosefu wa ustadi, maana mikono yao ni mahiri. Kosa lao ni kutamani utoto wa watu wengine na kuuacha wao ukitupwa jaani.

Nilikuwa Shauri Moyo, Nairobi, mtaa uliojengwa na manispaa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, jirani na soko la Gikomba na mafundi wa Kamukunji. Katika chumba kimoja nilimkuta kijana akichapa fulana kwa skrini. Kwanza naisifu kazi yake. Kitambaa chepesi chenye matundu madogo hukazwa juu ya fremu ya mti. Mahali pasipotakiwa rangi huzibwa kwa dawa. Kisha wino huvutwa kwa ubapa wa mpira, ukapenya na kushika nguo iliyo chini. Kila rangi hudai fremu yake, na fremu moja ikisogea kidogo tu, picha nzima huharibika. Hii si kazi ya mtu mwenye haraka.

Picha aliyoichapa ilikuwa ya tarakilishi iitwayo Commodore 64, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982. Uchaguzi wake ulikuwa na akili. Mashine ile ilikuwa na rangi 16 tu, na picha zake zilijengwa kwa vidoto vya mraba. Basi uchapaji wa skrini, ambao nao huhesabu rangi, huziiga bila taabu. Nikamwuliza kama aliwahi kuigusa.

"La, mzee," akajibu, "hata baba hakuigusa. Picha niliipata katika intaneti. Wazungu wanaipenda sana kwa kuwa ni ya utoto wao."

Jibu lile lilikuwa la kweli, na ndilo ninalolipinga. Watoto wa Uingereza na Marekani walikaa sebuleni mwao na mashine ile. Wakiililia leo wana haki, maana wanalilia nyumba zao. Je, kijana wa Shauri Moyo analilia nini? Anavaa matanga ya msiba usiokuwa wake.

Wako watakaosema kwamba sanaa haina mpaka, na kwamba moyo huru hupenda utakacho. Kweli, sanaa haina mpaka, lakini msanii ana kwao. Andy Warhol wa Marekani alionyesha picha za makopo ya supu mwaka 1962, na supu ile aliinywa mwenyewe. Mwaka huo huo akaanza kuchapa kwa skrini. Mwaka 1985 alipochora kwa tarakilishi ya Amiga, mashine ile ilikuwa mbele yake, chini ya vidole vyake. Karibu nasi zaidi yuko Dennis Muraguri, ambaye huchonga mbao na kuchapa matatu za Nairobi. Hakwenda kuazima mabasi ya London. Alitazama barabara anayoipita kila siku, na watu wakaitambua.

Wengine watasema kwamba tumbo halili kumbukumbu, na mnunuzi ndiye mwenye amri. Nami nasema hesabu yao ni mbovu. Picha ya Commodore 64 huchapwa katika miji elfu na watu wenye mitambo mikubwa kuliko fremu ya mti. Atakayeshindana nao kwa kuwaiga atauza kwa bei ya chini yao au hatauza kabisa. Lakini nani mwingine awezaye kuchapa tarakilishi iliyofika Nairobi ikiwa imekwisha kutumika kwingine, yenye kioo kilichovimba kama kitambi na kisanduku kilichopauka? Nani awezaye kuchapa saiba iliyojaa watu, saa ikihesabu dakika za kulipiwa, na mtu akiandika barua kwa vidole viwili kwa nduguye aliye ng'ambo? Nani awezaye kumchapa fundi anayeifungua mashine iliyokufa ili aponye nyingine? Hayo ni yetu. Bidhaa hiyo haina mshindani.

Liko kundi la tatu, nalo ni la wazee wenzangu. Wao husema kuwa takataka haistahili picha, na kwamba kijana atazame mbele. Wamesahau kwamba Kamukunji, hatua chache kutoka Shauri Moyo, mapipa makuukuu hufuliwa yakawa masanduku na majiko. Wamesahau pia Cyrus Kabiru, aliyekulia Nairobi akilitazama jaa la taka, na ambaye hutengeneza kwa vitu vilivyotupwa miwani ya sanaa iliyoonyeshwa katika nchi nyingi. Kilichotupwa si lazima kiwe kimekwisha.

Lakini ukweli una upande mchungu, na mchapaji mwaminifu hana budi kuuonyesha. Kioo cha tarakilishi za zamani kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Waya zake zikichomwa ili kupata shaba, moshi wake humdhuru anayeuvuta. Mashine zilizozeeka huko zililetwa zizeekee kwetu, na zilipokufa, maziko yakawa juu yetu. Fulana inayoisifu tarakilishi kuukuu bila kutaja kaburi lake imesema nusu ya habari, na nusu iliyofichwa ndiyo inayomhusu mtoto wa Eastlands.

Kwa hiyo, kijana, usiiweke chini fremu yako. Nenda kwa fundi umwulize mashine ya kwanza aliyoifungua. Mwulize mama yako siku aliyoingia saiba mara ya kwanza na barua aliyoipeleka. Tafuta tarakilishi iliyolala uvunguni, uichore pamoja na ufa wake na kamba iliyoifunga. Kisha ichape kwa rangi mbili ikiwa huna uwezo wa nne. Mtaa wenu unaitwa Shauri Moyo. Basi ushauri moyo wako mwenyewe, si moyo wa mnunuzi asiyekujua.