Na Ndugu wa Mgonjwa Aulizwe Hali

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kwa kawaida mtoaji ni kaka au dada wa baba na mama mmoja, na hata hapo nafasi ya uloto kulingana ni moja kati ya nne. Ndugu huyo hupimwa, huelezwa, huangaliwa. Ni vizuri sana. Ila mtoto ambaye uloto wake hauhitajiki, nani anamwangalia?

Nawazungumzia hasa ndugu wa watoto wenye saratani. Saratani ya damu inayowapata watoto zaidi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Kwa muda mrefu familia za kanda ya kati zimetegemea Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dodoma. Mama anaondoka na mmoja, wengine wanabaki Kongwa, Bahi au Mpwapwa kwa bibi. Ng'ombe anauzwa, kisha wa pili. Binti wa darasa la sita ndiye anayesonga ugali wa uwele, ndiye anayewaogesha wadogo, na mvua za Desemba zikinyesha jembe la mama analishika yeye. Shuleni anaandikwa mtoro. Akiuliza mama atarudi lini, anajibiwa kwamba mwenzake anaumwa, basi. Usiku anajiuliza kama ni yeye aliyemwambukiza mdogo wake. Saratani haiambukizi, lakini nani amemwambia?

Mgonjwa akipona tunamshukuru Mungu, na ni haki yetu. Mtihani wa darasa la saba uliompita dada yake haurudi.

Wapo watakaosema fedha hazitoshi hata kwa dawa, mgonjwa aponywe kwanza. Hoja hiyo naiheshimu. Tena tafiti za nchi tajiri zinaonyesha kuwa wengi wa ndugu hawa hukua salama. Wanaobaki na hofu na majonzi ni baadhi. Ndiyo maana sidai kila mmoja apelekwe kwa mwanasaikolojia. Nadai wajulikane. Hata katika utafiti mkubwa wa Marekani unaowafuatilia watu ambao tangu miaka ya 1970 waliugua saratani utotoni, ndugu walitumika kama rula ya kumpimia aliyepona. Mwaka 2015 ndipo wataalamu walipochapisha viwango vya huduma ya kisaikolojia kwa familia hizi, na kimojawapo kinawahusu ndugu.

Kwetu kazi ianzie kwa afisa ustawi wa jamii: siku mtoto anapolazwa, aandike majina ya waliobaki nyumbani na shule wanazosoma, ampigie mwalimu mkuu, na mgonjwa akirudi kliniki miaka mitano baadaye, aulize tena habari zao. Haihitaji mashine wala jengo jipya.

Nawe jirani, ukienda kumjulia hali mgonjwa, muulize na dada yake kama leo amekwenda shule.