Kifafa Darasani na Umeme Tunaoukariri

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi wa ualimu mnaosubiri kupangiwa TP, naomba mnisikilize kidogo kabla hamjaanza kusaka madesa ya waliowatangulia.

Mimi nilipangiwa shule moja ya kata, Baiolojia na Kemia, kidato cha tatu. Mada niliyokabidhiwa ilikuwa ya mfumo wa neva. Jumatano nikafundisha jinsi seli ya neva inavyotengeneza ishara ya umeme. Nikisema nilifundisha namaanisha kile tulichozoea: nilichora ubaoni ile grafu yenye kilima, pembeni nikaandika maneno marefu ya Kiingereza, nikayasoma, wanafunzi wakanifuatisha kwa sauti moja, wakanakili. Nikauliza kama kuna swali. Kimya. Msimamizi aliyekuja kunikagua siku hiyo alinipa alama nzuri tu.

Alhamisi, kipindi cha tatu, binti wa dawati la pili alianguka. Mwili ulikakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kurukaruka, povu likamtoka mdomoni. Wenzake walikimbilia mlangoni. Mmoja alipiga kelele kwamba asiguswe, povu linaambukiza. Mwingine alikuwa anatafuta rula ya kumtia katikati ya meno. Na mimi, mwalimu wa umeme wa mwili, nilisimama na chaki mkononi. Aliyemsaidia ni mama mpishi wa shule. Alisogeza madawati, akakunja kanga yake akaiweka chini ya kichwa, akamgeuza alale ubavu, akasubiri. Dakika mbili tatu hivi ikaisha. Akaniangalia, wala hakuwa na hasira: "Mwanangu, huko chuo haya hawawafundishi?"

Sikuwa na jibu. Kwa sababu ukweli ni kwamba walitufundisha. Kilichotokea kwenye ubongo wa yule binti ni kilekile nilichokichora Jumatano. Tofauti ni kwamba Jumatano kilikuwa maneno.

Hebu tukiseme kwa Kiswahili, tuone kama ni kigumu hivyo. Mwili wetu ni maji ya chumvi, na kila seli imezungushiwa utando mwembamba wa mafuta ambao chumvi haiwezi kuupita ovyo. Nje ya seli kuna sodiamu nyingi, zaidi ya mara 10 ya iliyopo ndani. Ndani kuna potasiamu nyingi, zaidi ya mara 20 ya iliyopo nje. Kwenye utando kuna milango midogo, mingine ya sodiamu tu, mingine ya potasiamu tu. Seli ikiwa imetulia, milango kadhaa ya potasiamu inakuwa wazi, potasiamu inavuja kwenda nje, na kwa kuwa kila ioni ya potasiamu inaondoka na chaji chanya, ndani panabaki hasi. Kiasi gani? Kama milivolti 70. Ukilinganisha na volti 230 za kwenye soketi utacheka, lakini usicheke haraka. Utando wenyewe ni mwembamba mno, nanomita chache tu, kwa hiyo kwa unene wake msukumo huo ni mkubwa ajabu.

Sasa seli ikiguswa kidogo, yaani ule uhasi ukapungua hadi karibu 55, milango ya sodiamu inaanza kufunguka. Sodiamu inaingia, uhasi unapungua zaidi, na kupungua huko kunafungua milango mingine ya sodiamu, ambayo nayo inaingiza sodiamu zaidi. Ni kama geti la uwanjani siku ya mechi ya Simba na Yanga: likishaachia kidogo, halirudi. Chini ya milisekunde moja ndani panageuka kuwa chanya. Halafu milango ya sodiamu inajifunga yenyewe, milango ya potasiamu iliyochelewa inafunguka, potasiamu inatoka, hali inarudi. Jirani aliyeguswa anafanya hivyohivyo, na jirani wa jirani, hadi mwisho wa neva. Neva zenye ala ya mafuta hufikisha hata mita 100 kwa sekunde.

Mfano ulionisaidia zaidi darasani ni choo cha kuvuta maji. Ukibonyeza nusunusu hakitoki kitu, ukifikisha pale panapotakiwa yanatoka yote, na ukitaka kubonyeza tena lazima usubiri tangi lijae. (Wa hosteli zetu mtaniwia radhi, najua kwenu mfano huu ni hadithi ya kale.)

Hapo nina ugomvi na madesa. Lile tulilorithishana linasema baada ya kila ishara pampu ndiyo inayorudisha hali ya mwanzo. Si kweli, na tumekuwa tukiliandika kwenye mitihani miaka nenda rudi. Kinachorudisha volti ni potasiamu kutoka. Ioni zinazovuka kwa ishara moja ni chache sana ukilinganisha na zilizopo, kwa hiyo pampu haina haraka. Yenyewe inafanya kazi ya polepole nyuma ya pazia, inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, usiku na mchana, na inakula chakula kingi. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati, na sehemu kubwa inaishia kwenye kazi hii ya kupanga chumvi.

Haya yalijulikanaje? Kwa ngisi. Ndugu wa hao wanaouzwa Feri wakikaangwa. Ngisi ana neva moja nene inayoweza kufikia milimita moja, na Alan Hodgkin na Andrew Huxley walifanikiwa kupitisha waya ndani yake mwaka 1939 kule Plymouth, Uingereza. Vita ikawakatisha. Waliporudi wakaendelea, na mwaka 1952 wakachapisha hesabu zinazoeleza mwendo wote wa ile milango bila ya kuwahi kuiona. Hesabu hizo Huxley alizipiga kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

Kwa watu wa pwani wala si lazima kwenda Plymouth. Kila mtoto aliyekulia karibu na wavuvi anajua bunju haliwi ovyo. Ulishawahi kuuliza kwa nini? Sumu ya bunju inaziba mlango wa sodiamu. Mlango ukizibwa, neva haiwezi kupeleka ishara, misuli haipokei amri, midomo inakufa ganzi, kisha miguu, na mwisho misuli ya kupumulia. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno nayo inaziba milango hiyohiyo, ila kwa muda na mahali padogo. Na ukienda Kigoma utasikia habari za kambare wa Ziwa Tanganyika anayepiga shoti: huyo amepanga seli nyingi za umeme pamoja kama betri za tochi, zikifyatuka kwa pamoja volti zinajumlishana.

Turudi kwa yule binti. Kwa kawaida mamilioni ya seli za ubongo zinafyatua ishara kila moja kwa zamu yake. Katika kifafa kundi kubwa linafyatua pamoja, tena na tena. Amri hizo zinateremka hadi kwenye misuli. Kwenye mwisho wa neva inamwagwa asetilikolini, utando wa msuli nao unafyatua umeme wake, kalsiamu inaachiliwa ndani ya msuli, msuli unajikunja. Misuli haina ugonjwa wowote, inatii tu. Na dawa kama kabamazepini na fenitoini, ambazo huwa anaandikiwa mgonjwa wa kifafa, zinafanya nini? Zinauchelewesha mlango wa sodiamu uliokwisha kujifunga usiwe tayari tena haraka, ili seli isifyatue mfululizo. Mlango uleule! Bunju, daktari wa meno, na kidonge cha kifafa, vyote viko kwenye ile grafu yenye kilima. Sasa niambie, mwanafunzi aliyeelewa hivyo ataogopa povu? Povu ni mate tu ambayo mtu hakuweza kuyameza.

Nchi hii siyo ngeni kwa kifafa. Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuhudumia wagonjwa wa kifafa tangu miaka ya mwanzo ya 1960, na tafiti za huko zimekihusisha na usubi. Malaria kali na tegu wa nguruwe aliyefika kwenye ubongo ni sababu nyingine. Hakuna hata moja inayopitia kwenye povu. Lakini watoto bado wanatolewa shule kwa sababu ya povu.

Kuna wenzangu nilibishana nao kimbwetani wakasema: mtihani ni wa Kiingereza, ukieleza kwa Kiswahili unawaangusha watoto. Hoja hii naiheshimu, maana mzazi anataka cheti na sitaki kuwa shujaa kwa gharama ya mtoto wa mtu. Ila mimi nilijaribu. Wiki iliyofuata nilirudia mada yote kwa Kiswahili, wanafunzi wakasimama mstari, wengine milango, wengine sodiamu, vurugu tupu, mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Maneno ya Kiingereza nikayaweka mwishoni, wakati wameshajua kitu chenyewe. Jaribio la Ijumaa walilifanya kwa Kiingereza, na wengi walieleza kwa maneno yao, sarufi mbovu lakini hoja imesimama. La mwanzo walikuwa wamenakili sentensi yangu, pamoja na kosa langu la tahajia.

Binti alirudi baada ya siku nne. Alikaa nyuma kabisa. Kwenye lile igizo alikataa kuwa mlango, akakubali kuwa pampu. Kipindi kilipoisha alinifuata nje: "Mwalimu, kwa hiyo mimi sijarogwa?" Nikamwambia hapana. Akauliza tena, kama vile hakusikia. Jioni hiyo mama yake alikuja shuleni, nikampeleka kwa mwalimu mkuu, tukakubaliana aende kliniki ya wilaya. Alikwenda.

Kwa hiyo nasema hivi. Kozi zetu za mbinu za kufundishia zina wiki nzima ya kuandaa azimio la kazi, na hakuna hata saa moja ya mwanafunzi anayeanguka darasani. Serikali ya wanafunzi inao wanachama wanaosoma udaktari na uuguzi hapahapa chuoni. Kabla ya TP ijayo watuandalie jioni moja tu: kumlaza ubavu, kuondoa vitu vya hatari, kutomshikilia kwa nguvu, kutomtia kitu mdomoni, kuangalia saa, na kumkimbiza hospitali ikipita dakika 5. Ukumbi upo, gharama yake haifiki hata robo ya pesa ya usiku wa bumu. Mimi nitaleta choki na ile grafu. Na wa mwaka wa pili mnaotaka andalio langu la somo, lipo, nimelirekebisha pale kwenye pampu.