Tusiwahukumu Majagina wa Vibonzo kwa Upanga Tu

Umezuka mtindo miongoni mwetu walimu wa kuvilaani vibonzo vya runinga kwa jumla, kana kwamba vyote vilifinyangwa kwa udongo mmoja. Mwanafunzi akimtaja jagina wa vibonzo katika insha yake, kalamu nyekundu huwa tayari. Akimtaja Fumo Liyongo, hupewa alama, hata kama kisa chenyewe amekikariri kama kasuku. Sababu inayotolewa ni ile ile kila siku, kwamba vipindi hivi vimejaa mapigano. Sikatai, mapigano yamo. Lakini ikiwa mapigano ndiyo kosa, basi na tuutie moto Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, kwani nao haukutungwa kuhusu watu waliokaa barazani wakinywa kahawa.

Swali linalostahili kuulizwa, kwa maoni yangu, ni jingine. Je, jagina huyu analipa nini? Nguvu zake zinamgharimu chochote, ama amezipata bure, na mambo yote hurudi yalipokuwa mara kipindi kinapokwisha?

Mtazame He-Man. Mfululizo wake ulianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1983, na kufikia 1985 sehemu 130 zilikuwa zimetengenezwa. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mwanasesere aliitangulia hadithi. Kampuni ya Mattel ilianza kuwauza wanasesere hao mwaka 1982, na hadithi ikafuata nyuma kama mnadi anayetembeza bidhaa za tajiri wake. Matokeo yake yamo ndani ya hadithi yenyewe, kwa yeyote mwenye jicho la kuona. Mwanamfalme Adam huinua upanga, hutamka maneno machache, na papo hapo huwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika Eternia. Hatokwi na jasho, wala hafundishwi na mtu. Upanga huo, ambao mtoto anaudhania kuwa mkali kama wembe, haumkati mtu yeyote. Adui yake Skeletor hushindwa leo na kesho yuko pale pale akicheka, maana Skeletor naye ana bei yake dukani. Kisha mwishoni mhusika mmoja hujitokeza akawaasa watoto juu ya usalama, ukweli au urafiki. Nasaha zenyewe hazina ubaya, ila zimebandikwa juu ya hadithi kama stempu juu ya bahasha. Hazikutoka tumboni mwake.

Kisa cha Optimus Prime kinasikitisha zaidi. Huyu ndiye kiongozi wa maroboti wema katika Transformers, mfululizo ulioanza mwaka 1984. Katika filamu ya mwaka 1986 aliuawa, na watoto wakatoka kwenye majumba ya sinema wakilia. Hakufa kwa kuwa hadithi ilikidai kifo chake. Alikufa kwa kuwa wenye bidhaa walitaka wanasesere wa zamani waondoke madukani ili wapya wapate nafasi. Malalamiko yakawa mengi mno hata mwaka 1987 ikabidi afufuliwe. Mimi nayahesabu machozi yale kuwa ushahidi kwamba watoto walikuwa wameielewa hadithi vizuri kuliko wenye duka. Wao walimwona jagina pale ambapo watu wazima waliona plastiki.

Sasa linganisha na Avatar: The Last Airbender, mfululizo wa sehemu 61 ulioonyeshwa kati ya 2005 na 2008. Aang ni mvulana wa miaka 12 anayezinduka baada ya kulala ndani ya barafu kwa miaka 100, akakuta watu wake wote wameangamizwa na taifa la moto. Hapewi upanga wa kuinua. Anatakiwa kujifunza kuyatawala maji, udongo na moto juu ya hewa aliyoizoea, na kila somo lina mwalimu wake; wa udongo ni msichana kipofu mwenye ulimi mkali asiyevumilia mzaha. Aang hushindwa, hutoroka, huunguza mkono wa rafiki yake kwa papara ya kutaka kuujua moto upesi. Mwishoni kila mtu anamwambia amuue mfalme Ozai, naye amelelewa na watawa walioheshimu uhai wa hata mdudu. Anaipata njia ya kumnyang'anya adui nguvu zake bila kumuua. (Wapo wapenzi wa mfululizo huo wanaolalamika kwamba njia ile ilizuka ghafla mno. Naungana nao. Watunzi wetu wa kale wasingemwonea Aang huruma kiasi hicho.)

Liyongo hakuonewa huruma. Nguvu zake ndizo zilizomponza, kwa kuwa mtawala wa Pate aliziogopa. Kifungoni aliokolewa na mama yake, aliyemtilia tupa ndani ya mkate wa wishwa, na pingu akazikata huku kelele za ngoma zikiuziba mlio wa tupa. Lakini siri ya kifo chake, kwamba ni sindano ya shaba kitovuni, aliitoa mwenyewe kwa mwanawe, na mwana akaitumia. Hakuna kampuni ambayo ingemuuza mwanasesere wa namna hiyo.

Mwalimu mwenzangu wa fasihi, hapa ndipo penye kazi. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaoshindwa kutaja sifa tatu za jagina wa mighani watakueleza kwa nusu saa habari za Zuko, mwana wa Ozai, aliyechomwa uso na babake mzazi kisha akafukuzwa nchini. Waache waeleze. Zuko alimsaliti amu yake Iroh, aliyemlea uhamishoni, ili apate tena kibali cha baba. Mwana wa Liyongo alimsaliti baba yake kwa ahadi za mtawala. Waulize wanafunzi wawalinganishe vijana hao wawili, nawe ukae kimya kidogo. Kila mmoja wao alifika siku moja mahali ambapo mzee wake alikuwa amelala. Zuko alipiga magoti hemani akasubiri hadi asubuhi, na alipoanza kuomba radhi, Iroh alimvuta akamkumbatia kabla hajamaliza. Yule wa Pate alikuja na sindano.