Tuitoe Zebaki Majumbani

Ndugu zangu wachimbaji wa Geita, Kahama na Chunya, nanyi mnaoishi jirani na mialo ya kuchenjulia dhahabu,

Jioni karasha likinyamaza, kuna nyumba ambamo dhahabu huchomwa kwenye jiko lile lile litakalosongewa ugali. Donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki huwekwa motoni, zebaki huondoka, dhahabu hubaki na unjano wake. Zebaki imekwenda wapi? Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Anauvuta kila aliye karibu, na mwenye mimba anamvutia na mwanawe.

Zamani iliaminika kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Yaliyotokea Minamata, Japani, yalivunja imani hiyo. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, watu wakala samaki hao. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Wapo akina mama waliokuwa na dalili ndogo tu, au hawakuwa nazo kabisa, wakajifungua watoto ambao viungo vyao havikuwatii na ulimi haukutamka neno. Sumu ilikuwa imevuka kondo na kujikusanya kwa mtoto, ubongo wake ndio kwanza unaumbika. Ubongo ukiharibika wakati huo, hakuna dawa ya kuurudisha.

Mvuke wa jikoni si zebaki ile ile ya Minamata, lakini nao huvuka kondo. Na zebaki tunayoimwaga mtoni, bakteria wa kwenye tope huigeuza ikawa ile ile iliyowaumiza wale watoto.

Sisemi tuache kuchimba. Dhahabu ndiyo inayolipa ada za watoto wetu. Naomba jambo ambalo mkutano mmoja wa kijiji unaweza kulipitisha: dhahabu isichomwe ndani ya nyumba wala kwenye makazi. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania imeuridhia, unataka hivyo hivyo. Tutenge mahali pamoja, mbali na nyumba, tuchangie ritoti, yaani chungu cha chuma kilichofunikwa barabara, chenye bomba linalopoza mvuke ukarudi kuwa zebaki. Hiyo hutumika tena, na mwenye mwalo anaokoa pesa.

Wanunuzi mnaochoma tena dhahabu dukani, ombi hili linawahusu nanyi. Akina baba, nguo za mwaloni zibaki huko huko, asizifue mjamzito. Wakunga, mnapomuuliza mama kama analalia chandarua, mwulizeni pia nyumbani kwake dhahabu inachomwa wapi.

Wapo watakaosema mama ajihadhari mwenyewe. Nakataa. Ajihadhari vipi na hewa ya chumba anacholala, wakati anayechoma ni mume, shemeji au mpangaji wa mlango wa pili?

Mkutano ujao wa kijiji, kabla ya kufika kwenye mengineyo, mmoja wetu anyooshe mkono aulize: hapa kwetu dhahabu inachomwa wapi, na nani analala jirani?