Hayo Si Maneno Tu: Deni la Malenga kwa Gemu za Visa

Ndugu zangu malenga na wapenzi wa lugha, imekuwa ada katika mabaraza yetu kuzitaja gemu za video kwa uso uliokunjwa. Mtu akilalamika kwamba vijana hawasomi tena tenzi, hakawii kuitupia lawama simu iliyo mkononi mwa kijana. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari hadi nikastaafu, na uchungu huo naujua. Lakini lawama hiyo naipinga. Tumemshtaki asiyehusika, na mshtakiwa wa kweli tumeketi naye jamvi moja.

Gemu za mpira na za mbio za magari siziongelei leo. Nazungumzia gemu za visa, zile ambazo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akasafiri, akafumbua mafumbo, akasemezana na watu, na kila alitendalo likamsogeza ndani ya hadithi. Utamu wake watoka wapi? Wengi hudhani ni picha. Picha huzoeleka upesi. Kinachomkesheza mtu ni mlango uliofungwa, na neno alilolisikia kitambo kutoka kwa mpita njia, ambalo sasa ndipo anapong'amua kuwa ndilo ufunguo. Tena hatia huwa yake mwenyewe. Msomaji wa riwaya humlaumu shujaa aliyemtelekeza rafiki. Mchezaji amemtelekeza kwa kidole chake.

Sasa utazameni Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa mwaka 1913. Liyongo yumo kifungoni. Walinzi humnyang'anya kila chakula kizuri anacholetewa. Anampa kijakazi Saada ujumbe kwa mama yake, nao ujumbe ni wimbo: aoke mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wanaudharau mkate ule, wanauacha upite. Kisha inapigwa ngoma ya gungu, na katika kishindo chake Liyongo anakata minyororo. Ulafi wa walinzi umeonyeshwa mapema, kitu duni ndicho kinachopenya, shairi ndilo siri, na kelele za ngoma zina kazi. Hakuna mtunzi wa gemu asiyetamani fumbo lililosukwa hivyo. Halafu fikirini mchezaji akabidhiwe nafsi ya yule mwana aliyetumwa kumuua baba yake kwa sindano ya shaba kitovuni. Kidole kitabonyeza?

Basi tatizo liko wapi? Liko katika lugha. Hapa Rudewa, katika kibanda cha gemu, nilimwona kijana akibonyeza kitufe upesi upesi kila wahusika walipoanza kuongea. Nilipomuuliza, akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, hayo ni maneno tu. Gemu inaanza yakiisha." Gemu yenyewe ilikuwa San Andreas ya mwaka 2004, ambayo vijana wetu wengi wanaijua. Kisa chake huanza na mwana anayerudi nyumbani kwa sababu mama yake ameuawa. Kijana wetu anajua kuiba kila gari la mji ule, ila hajui kwamba kuna msiba. Maneno ni ya Kiingereza cha mitaani kule Marekani, naye hana njia ya kuyaingia. Ukishayaondoa maneno, kinachobaki ni ngumi na risasi. Kisha sisi tunasimama mlangoni tukisema gemu ni ngumi na risasi.

Katika vibanda vya video hali hii ilikwisha kupata dawa. Lufufu aliwasimulia Watanzania filamu za kigeni kwa Kiswahili chake mwenyewe, akitia mizaha na maelezo, na wapo waliokwenda kuisikiliza sauti yake kuliko kuitazama picha. Wasomi wa lugha hatukumhesabu. (Naona hata leo mtu akimtaja katika mkutano wa washairi watacheka.)

Na tarehe 23 Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Kijana Zau anawekeana ahadi na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Mtunzi aliijenga juu ya majonzi ya kufiwa na baba yake mwenyewe. Gemu hiyo husikilizwa kwa Kiswahili. Kiswahili kimeingia ukumbini kwa mkono wa mtoto wa ughaibuni, ilhali sisi wenye kamusi tumekaa barazani tukihukumu vina.

Nitajibiwa kwamba hatuna fedha wala mafundi wa kompyuta. Udhuru huo haunitoshi. Mwaka 1976 Mmarekani Will Crowther, mpenda kuzuru mapango, alitunga Colossal Cave Adventure, gemu iliyoipa aina hii jina lake. Haikuwa na picha hata moja. Kompyuta ilieleza kwa maneno, mchezaji akajibu kwa maneno. Na maneno ya gemu lazima yawe mafupi, maana kioo ni kidogo na mchezaji hana subira. Nani amefunzwa kubana maneno kuliko mtu aliyekulia katika mizani nane? Nani ajuaye majibizano kuliko mwenye kuzoea malumbano ya ushairi? Wazee wetu walipoletewa gazeti la Mambo Leo mwaka 1923 hawakusema karatasi za serikali haziwafai; walilijaza mashairi.

Kwa hiyo sitaki tena kusikia kilio cha jumla. Nataka kazi. Nimeanza na mlango wa gereza: walinzi wawili, kikapu cha chakula, na Saada anayeulizwa amebeba nini. Mchezaji ndiye Saada. Nimemwandikia majibu matatu, na mawili yanamfanya mlinzi aumege mkate. Lahaja yangu ni ya bara, na Saada hawezi kusema kama mtu wa Kilosa. Mwenye Kiamu safi ayasome majibu hayo, ayarekebishe, kisha aongeze la nne.