Nusu ya Hadithi



Mwanafunzi mmoja wa darasa langu hapa Bunia aliniuliza neno nililoshindwa kulijibu. Nilikuwa nimewasimulia hadithi niliyoisoma utotoni, habari za mtu mwenye cheo aliyefunga nyani wawili nyumbani mwake, akawapiga mjeledi kila usiku. Nyani hao walikuwa ndugu zake wa damu waliomtenda ubaya. Nikamaliza kwa kusema, "Basi, amtendaye ndugu yake ubaya atapata malipo yake." Yule kijana, ambaye jamaa zake walichomewa nyumba vitani, akainua mkono: "Mwalimu, mwisho wao ulikuwaje? Walisamehewa?"

Sikujua. Tangu siku ile nikaanza kukitafuta kitabu chenyewe.

Kilikuwa mali ya baba mkubwa, aliyeendesha magari ya mizigo kutoka Mombasa, kupitia Kampala na Mahagi, mpaka Bunia. Hakikuwa na jalada wala kurasa za kwanza, kwa hiyo sikupata kulijua jina lake wala mtungaji wake. Mwezi wa Mei 2003, vita vilipowaka mjini baada ya majeshi ya Uganda kuondoka, tulikimbilia uwanja wa ndege pamoja na maelfu ya watu. Tuliporudi nyumbani hapakuwa na kitabu. Hata mlango haukuwapo.

Kwanza nilidhani ni Hekaya za Abunuwasi. Nikaziazima, nikazisoma, nisiwaone nyani wangu. Kisha nikamwendea katekista mmoja mzee. Akasema, "Kisa hicho ni cha Alfu Lela Ulela, ila mle ndugu wale wanageuzwa mbwa, si nyani." Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyonifungulia njia. Padre mmoja mpenda vitabu alipoisikia akacheka, akaniambia, "Kama ni nyani, basi ni Shaaban Robert." Kitabu ni Adili na Nduguze, kilichopigwa chapa mwaka 1952. Mtungaji wake alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafariki mwaka 1962.

Rafiki yangu aendaye Mombasa kwa biashara akaniletea, nami nikakisoma usiku mmoja. Kumbe! Adili hakuwapiga ndugu zake kwa hasira. Wao walimwonea wivu, wakamtupa baharini. Jini ambaye Adili aliwahi kumtendea wema akamwokoa, akawageuza wale kuwa nyani, akamwamuru awapige kila usiku. Naye aliwapiga huku akilia, kisha akawalisha. Mwishowe Mfalme Rai wa Ughaibuni akawaombea, wakarudishiwa umbo la binadamu, wakapatana na ndugu yao.

Mjeledi niliukumbuka miaka ishirini. Machozi na msamaha nikavisahau. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu kitabu kilipotea katika siku zile ambapo sisi wenyewe tulitamani kuona wengine wakipigwa. Moyo wangu ulihifadhi sehemu iliyoupendeza. Nami, mwalimu, nikawagawia watoto nusu hiyo kana kwamba ni hadithi nzima. Hata habari za Yosefu twazisikia hivyo: wengi wakumbuka kisima alimotupwa, wachache wakumbuka jinsi alivyowakumbatia nduguze kule Misri akilia.

Ninyi wazazi, msimuliapo habari za vita vyetu vya Ituri, msiishie kwenye moto. Tajeni pia jirani wa kabila jingine aliyewaficha watoto wenu, maana naye yumo katika habari hiyo. Nanyi wanafunzi, mkitafuta kitabu msichokijua jina, wasimulieni wazee kisa chake, mzee mmoja baada ya mwingine, na mwangalie sana kila tofauti. Mkikipata, kisomeni mpaka ukurasa wa mwisho.

Nilirudi darasani nikakiri kosa langu mbele ya wote, nikawasimulia mwisho wa kweli. Yule kijana hakusema neno. Jioni alikuja kuniomba kitabu akakisome kwao. Hajakirudisha bado, wala sijamdai.

Ni mimi,
Mwalimu wenu, Bunia